Nyumba za Kupangisha Kenya: Zisajiliwe kwa Jina Lako au la Kampuni?

Wengi huuliza swali hili wakiwa wameshaketi mbele ya wakili, mkataba wa mauzo uko mezani na amana ya asilimia 10 imeshatumwa. Hapo jibu lolote lina gharama. Kuhamisha jengo kutoka jina lako hadi la kampuni yako mwenyewe ni uhamisho wa ardhi kama mwingine wowote: ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani, wakili hulipwa upya, mthamini wa serikali huja upya, na ushuru wa faida ya mtaji wa asilimia 15 unakusubiri kama hustahili msamaha. Kwa hiyo pitia hatua hizi kabla ya kutia sahihi popote. Viwango vyote vilivyomo ni vya sheria iliyokuwa ikitumika mwaka 2025. Sheria ya Fedha hubadilika karibu kila Julai, kwa hivyo viangalie tena mwaka wako wa kununua.

Niseme mapema ninapoelekea. Kwa mwenye nyumba wa kawaida anayeishi Kenya, kampuni haimpunguzii ushuru, na mara nyingi humwongezea. Anayekushauri ufungue kampuni "ili KRA wasikuone", yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, anakuuzia karatasi. Kampuni ina kazi zake halali, na ndizo za kuipimia: kuwaweka wengi kwenye mali moja, kumfaa anayeishi ng'ambo, na kuiwezesha kazi ya kupangisha kuendelea mwenyewe akiondoka.

Hatua ya 1: Andika ni nani wananunua

Chukua karatasi. Andika jina la kila anayetoa pesa, kiasi anachotoa, uraia wake, na nchi anayoishi sasa. Karatasi hiyo peke yake hujibu nusu ya swali.

Ukiwa peke yako, au wewe na mwenzi wako wa ndoa, jina binafsi ndilo la kuanzia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inawaruhusu wanandoa kumiliki kwa pamoja bila mgawanyo, yaani mmoja akifariki, mali yote inabaki kwa aliye hai bila kusubiri kesi ya mirathi. Watu wasio wanandoa hawapati umiliki wa namna hiyo ila kwa idhini ya mahakama. Ndugu wawili wakinunua pamoja, kila mmoja huandikiwa sehemu yake, na sehemu ya anayefariki huenda kwa warithi wake.

Mkiwa watano, wanane, ishirini, yaani ndugu, marafiki wa kazini au chama, hapo kampuni inaanza kuwa na maana. Chama kisicho na usajili wa kukipa uwezo wa kumiliki hakiandikwi kwenye hati ya ardhi. Matokeo yake hati huandikwa majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na miaka mitano baadaye mweka hazina kahamia mji mwingine, simu haishiki, na sahihi yake inahitajika. Kampuni binafsi hubeba hadi wanachama 50. Anayetaka kutoka huuza hisa zake, na uhamisho wa hisa hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1, sio 4. Lakini msisajili kampuni kabla ya kuandika mkataba wa wenye hisa: nani ana haki ya kwanza ya kununua hisa za anayetoka, bei inakadiriwa na nani, na itakuwaje mmoja akikataa kuchangia paa jipya. Nimeona vyama vikigombana kwa miaka juu ya mambo ambayo yangemalizwa kwa kurasa mbili.

Kuhusu uraia, soma Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 kabla hujamgawia yeyote hisa. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mume Mjerumani au mke Mwingereza inatosha kuitoa kampuni nzima kwenye umiliki wa kudumu. Kama uliukana uraia wa Kenya zamani, kabla Katiba haijaruhusu uraia wa nchi mbili, urudishe kwanza ndipo ununue.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ushuru kwa jengo lako

Nyumba za makazi zinazoingiza kodi ya wapangaji ya zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka ziko chini ya ushuru wa kila mwezi wa mapato ya kupangisha, ambao KRA huuita MRI. Ulianza 2016 ukiwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, bila kuondoa gharama yoyote. Jambo ambalo washauri wengi hulipita ni hili: ushuru huo unamhusu mkazi yeyote, awe mtu au kampuni. Kiwango ni kilekile.

Chukua jengo la nyumba 12 za chumba kimoja na sebule huko Ruiru, kila moja shilingi 15,000. Kwa mwaka ni 2,160,000, na ushuru ni 162,000, sawa na 13,500 kwa mwezi. Likiwa kwa jina lako, umemaliza. Kinachobaki ni chako. Likiwa la kampuni, kampuni hulipa 162,000 hizohizo, halafu ukitaka kutoa faida kuiweka mfukoni, mgao wako hukatwa asilimia 5 nyingine. Ongeza malipo ya mhasibu na ripoti ya kila mwaka kwa Msajili wa Kampuni. Umelipa zaidi kwa jengo lilelile.

Sasa weka mkopo. Tuseme jengo hilo lina mkopo wa benki wa shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Malipo ya kila mwezi ni karibu 140,000, na katika mwaka wa kwanza riba peke yake ni karibu 1,490,000. Chini ya MRI riba hiyo haihesabiwi. Ila sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA barua ya kujitoa, ukaingia kwenye utaratibu wa kila mwaka, ambapo riba, ukarabati, bima, ada ya wakala na kodi ya ardhi ya kaunti huondolewa kabla ya ushuru. Tuseme hizo nyingine ni 300,000. Faida inabaki 370,000. Kampuni hutozwa asilimia 30, yaani 111,000. Umeokoa 51,000 ukilinganisha na MRI.

Lakini angalia mtu binafsi. Kama una mshahara unaokufikisha ngazi ya asilimia 30, utalipa 111,000 vilevile kama kampuni. Kama huna mapato mengine yanayotozwa ushuru, faida hiyohiyo ya 370,000 hupita kwenye ngazi za chini: asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 82,000 zilizobaki, kisha unaondoa nafuu ya binafsi ya 28,800. Unalipa 20,500. Kampuni haina ngazi za chini wala nafuu ya binafsi. Kwa mstaafu mwenye jengo moja lenye mkopo, kulitia kwenye kampuni ni kutupa zaidi ya shilingi 90,000 kwa mwaka.

Kanuni ya haraka ni hii: kwa anayetozwa asilimia 30, kujitoa MRI kunalipa pale tu gharama zenye ushahidi zinapozidi asilimia 75 ya kodi yote. Na ushahidi maana yake ni ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa aina chache, kwa hiyo yule fundi wa mabomba anayelipwa kwa M-Pesa na kuondoka na mkoba wake hatakusaidia kwenye hesabu. Wala usitegemee hasara ya nyumba ikupunguzie ushuru wa mshahara; mapato ya kupangisha huhesabiwa peke yake.

Kampuni hushinda kwa ushuru mahali pamoja hapa nchini: mwenye mapato makubwa sana ambaye hatoi faida. Mtu binafsi anapopita shilingi 500,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 32.5 kwa kinachozidi, na anapopita 800,000 ni 35. Kampuni ni 30. Faida ikibaki ndani kununulia ploti nyingine, tofauti hiyo ni pesa halisi. Ikitolewa kama mgao, asilimia 5 ya zile 70 zilizobaki inaifanya jumla kuwa 33.5, na nafuu karibu yote imeyeyuka.

Jengo likiwa na maduka chini na nyumba juu, tenganisha hesabu. Kodi ya maduka haimo kwenye MRI, na ikifika shilingi milioni 5 kwa mwaka lazima ujisajili na kutoza ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16. Nyumba za makazi hazina VAT. Hayo ni mamoja kwa mtu na kwa kampuni.

Hatua ya 3: Kama unaishi ng'ambo, simama hapa kwanza

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. MRI ni ya wakazi. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, bila kuondoa gharama. Kwa jengo letu la Ruiru hiyo ni 648,000 badala ya 162,000.

Kwa hiyo jua wewe ni nani machoni pa sheria ya ushuru. Pasipoti haihusiki. Una makao ya kudumu Kenya na ulikuwepo nchini wakati wowote ndani ya mwaka huo? Wewe ni mkazi, hata kama ulikuja Krismasi tu ukala pilau ukarudi Doha. Huna makao ya kudumu? Basi utahesabiwa mkazi ukikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au kwa wastani zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huo na miwili iliyotangulia. Weka tiketi zako na stempu za uhamiaji.

Ukiwa kweli si mkazi, kampuni iliyosajiliwa Kenya ni mkazi kwa kuzaliwa, na inaweza kulipa MRI ya asilimia 7.5. Mgao unaotumwa kwako nje hukatwa asilimia 15. Hata ukitoa kila shilingi, jumla ni kama asilimia 21.4, chini ya 30. Na ukiziacha pesa ndani ziendeleze ujenzi, ni 7.5 peke yake. Kwa mtu wa Seattle au Muscat asiyekuja nyumbani mara kwa mara, naona kampuni ndiyo njia, mradi nchi anayoishi iangaliwe pia, kwa kuwa Marekani na nchi nyingi za Ulaya hutaka utaje mapato na kampuni za nje.

Hatua ya 4: Muulize mkopeshaji kabla ya kusajili chochote

Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ya benki takriban 30,000 tu. Majengo mengi ya kupangisha unayoyaona Utawala, Rongai au Mtwapa yamejengwa kwa sakko, akiba na uvumilivu, ghorofa moja kila pesa zinapopatikana. Sakko hukopesha mwanachama kwa akiba zake, mara nyingi hadi mara tatu, na wadhamini ni watu wanaomjua. Kampuni yako mpya haina akiba huko wala wadhamini. Kama mpango wako unategemea sakko, mkopo utakuwa kwa jina lako, na kama dhamana ni hati ya ardhi, sakko itapenda hati iwe kwa jina hilohilo.

Benki nazo zina milango miwili. Mtu binafsi huonyesha hati za mshahara na taarifa za akaunti. Kampuni huulizwa hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita, azimio la wakurugenzi, hati ya CR12 inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, na kisha wakurugenzi hutia sahihi ya kudhamini wenyewe. Kumbuka sahihi hiyo kila unaposikia kwamba kampuni "inakukinga". Inakukinga dhidi ya mpangaji aliyeanguka ngazini akakushtaki, na hata hapo bima ya dhima ni nafuu zaidi. Haikukingi dhidi ya benki uliyoidhaminia.

Uliza mambo manne kwa maandishi: riba ya mtu na riba ya kampuni, kiwango cha juu cha mkopo dhidi ya thamani, miaka ya kulipa, na kama mkopo wa ujenzi hutolewa kwa awamu baada ya mkadiriaji majenzi kuthibitisha kazi. Dhamana ya hati hutozwa ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo, pamoja na ada za wakili wa benki. Kama hati ni ya nyumba ya ndoa, mwenzi wako lazima aridhie.

Halafu rudi kwenye mfano wetu. Kodi 2,160,000, toa gharama 300,000, toa marejesho ya mkopo 1,680,000, toa ushuru 111,000. Mkononi inabaki 69,000 kwa mwaka mzima. Nyumba moja ikikaa tupu miezi saba, umeshaanza kulisha jengo kutoka kwenye mshahara. Hesabu hii haijali jina lililo kwenye hati, na ndiyo iliyowafilisi wengi kuliko ushuru.

Hatua ya 5: Kusajili kampuni, kama umeamua

Hufanyika kwenye eCitizen, kwa Huduma ya Usajili wa Biashara, kwa ada ya takriban shilingi 11,000. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu mtu mmoja kuwa mwenye hisa na mkurugenzi. Mimi nasema wekeni wakurugenzi wawili. Sababu iko hatua ya 7. Andikisha wamiliki halisi, yaani kila mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, pata PIN ya KRA ya kampuni, fungua akaunti.

Pesa unazoingiza kununua ploti ziandike vitabuni kama mkopo wa mkurugenzi kwa kampuni, na si mtaji wote wa hisa. Kampuni ikikurudishia mkopo wako, hayo si mapato na hayakatwi ushuru wa mgao. Asiye mkazi amwonyeshe mhasibu kwanza, kwa kuwa kampuni zinazodhibitiwa kutoka nje zina kanuni zake za mikopo isiyo na riba.

Na kampuni iwepo kwanza ndipo isaini mkataba. Cheti cha usajili kiwe na tarehe ya kabla ya mkataba wa mauzo.

Hatua ya 6: Hati, kisha pesa

Upekuzi rasmi wa hati ufanywe kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, au masjala ya kaunti husika, na urudiwe wiki ya kulipa. Ploti za Kitengela na pembezoni mwa Ruiru mara nyingi bado ni ardhi ya kilimo kwenye rekodi. Zinahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, iombwe ndani ya miezi sita ya mkataba, na bodi hiyo haiwezi kupitisha uhamisho kwa kampuni yenye mwanachama asiye raia. Ukinunua fleti, dai hati ya fleti yenyewe chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020. Cheti cha hisa katika kampuni ya usimamizi kilikuwa desturi ya zamani, na benki hazikipendi.

Baada ya hapo kodi zote ziingie akaunti moja, kwa Paybill moja. Ushuru wa MRI hulipwa kupitia iTax, mtandao wa KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi usio na kodi unapeleka ripoti ya sifuri. Kampuni ikiwa mmiliki, usinunulie mafuta ya gari lako kwa kadi yake. Korti na KRA hutazama matumizi ya pesa kabla ya kutazama cheti cha usajili.

Hatua ya 7: Andika kitakachotokea ukifa

Kuna uvumi kwamba kampuni huondoa mirathi. Haiondoi. Hisa zako ni mali ya marehemu kama ng'ombe na ploti, na warithi watahitaji hati ya mahakama ili ziandikwe majina yao. Kinachobadilika ni kwamba kampuni yenyewe haifi. Mkurugenzi wa pili huendelea kukusanya kodi, kulipa mkopo na kuziba bomba lililopasuka wakati kesi ikingoja zamu. Ukiwa mkurugenzi peke yako, faida hiyo haipo: akaunti hufungwa, mlinzi hakulipwa, wapangaji wanaanza kumlipa yeyote anayejitokeza na kusema ni mtoto wa mzee.

Kwa hiyo wosia uandikwe, hisa zitajwe kwa idadi, na mwenzi wako ajue kampuni ipo. Hili la mwisho linahitaji kusemwa.

Kama jengo tayari liko kwa jina lako

Usilihamishe kwa ajili ya mtindo. Ila kama hatua ya 1 au ya 3 imekuonyesha sababu, kuna msamaha: uhamisho kwenda kampuni inayomilikiwa asilimia 100 na wanandoa, au mwanandoa na jamaa wake wa karibu, hautozwi ushuru wa faida ya mtaji. Ushuru wa stempu nao una misamaha ya uhamisho wa kifamilia, na wakili aiombe kabla ya kuwasilisha hati. Kama kuna mkopo, pata kibali cha benki kwa maandishi kabla ya yote. Kisha waandikie wapangaji barua moja ya jina jipya la mwenye nyumba na namba ya Paybill, na mwezi huohuo usajili wajibu wa MRI kwenye PIN ya kampuni na uuondoe kwenye yako, usije ukadaiwa mara mbili kwa kodi moja.